Bunduki ya misumari: mwongozo kamili wa kupiga bila kujidunga

Kuna maswali matatu ambayo mafundi wa mbao hawaachi kuniuliza, kuanzia hapa Kibuye, Kisumu, hadi Bungoma na Nakuru. La kwanza: "Msumari unasimama nusu, niongeze presha?" La pili: "Mbona unatokea ubavuni mwa mbao?" La tatu huulizwa kwa sauti ya chini, kidole kikiwa kimefungwa kitambaa: "Nilikuwa nautoa msumari uliokwama, ikapiga yenyewe. Imeharibika?"

Haijaharibika. Ilikuwa na hewa, ilikuwa na msumari, na triga ikaguswa. Presha nayo si dawa ya kila ugonjwa. Mara nyingi ndiyo inayouzidisha. Maswali yote matatu yanajibiwa na mpangilio wa kazi, na hatua inayorukwa karibu kila mara ni ile ya sekunde tano: kuchomoa mpira wa hewa.

## Vitu vya kukusanya kwanza

Bunduki inayolingana na kazi. F30 hupiga misumari myembamba ya mm 10 hadi 30. Hiyo ni ya plaiwudi, mgongo wa kabati, mikanda ya urembo na fremu nyepesi. F50 hufika mm 50. Stepla ya 1013J au ya 8016 ni ya kitambaa cha sofa. ST64 hupiga misumari minene kwenye zege na mbao nzito, na hiyo si bunduki ya kujifunzia. Ukinunua moja tu, anza na F30.

Kompresa, mashine inayobana hewa mtungini ili iisukume bunduki. Mtungi wa lita 24 unatosha bunduki moja ya F30 au stepla. Bunduki kubwa za kupigia paa na paleti zinakula hewa. Hapo tafuta lita 50 kwenda juu. Ukifanya kazi Nakuru, iliyo kwenye mita kama 1,850 juu ya usawa wa bahari, usishangae kompresa ikijaa polepole kidogo kuliko ilivyojaa Kisumu kwenye mita kama 1,130. Hewa ya juu ni nyepesi, mashine ni nzima.

Mpira wa hewa ulioandikwa kiwango cha presha ubavuni, na kiwango hicho kizidi kile cha kompresa yako. Mpira wa maji wa bustanini hauna kazi hapa.

Viunganishi. Ule dume mwembamba, mara nyingi huandikwa 20PM, ndio unaokaa kwenye bunduki. Ule jike wenye pete ya kuvuta hukaa kwenye mpira. Nitaeleza sababu katika hatua ya 3.

Miwani ya kinga iliyofunika pembeni, vizibo vya masikio na viatu vilivyofunika vidole. Sandali za tairi zina kazi yake, si hii.

Ongeza kichupa cha mafuta ya vifaa vya hewa, koleo lenye mdomo mwembamba, klampu mbili, na vipande vya mbao ya aina ile ile utakayopiga. Hivyo vipande usivitupe jikoni. Utavihitaji kila asubuhi.

## Hatua ya 1: Kagua bunduki ikiwa haina hewa

Reli ya misumari ikiwa tupu na mpira ukiwa chini, bonyeza mdomo wa bunduki kwenye mbao. Kile kipande cha chuma cha mdomoni lazima kizame, kisha kirudi chenyewe mara moja. Hicho ndicho kinga. Kazi yake ni kuizuia bunduki kupiga mpaka mdomo uwe umekandamizwa kwenye kitu.

Kikisita kurudi, kuna gundi au vumbi la randa limeganda. Safisha kwa brashi. Kisipopona, bunduki isiingie kazini siku hiyo.

Nimewahi kushika bunduki ambayo kinga yake ilikuwa imefungwa nyuma kwa waya wa kufungia nondo, "ili iende haraka." Bunduki ya namna hiyo hurusha msumari hewani kila triga inapoguswa. Karakana zetu nyingi ziko kando ya barabara. Nyuma ya kiti unachotengeneza kuna bodaboda, kuna mama anayeuza mboga, kuna mtoto wa shule anayekata njia. Kata huo waya.

Tahadhari moja kwa watu wa sofa: stepla nyingi za kitambaa hazina kinga hiyo kabisa tangu kiwandani. Ukivuta triga, pini inatoka hata kama umeelekeza darini. Kwa hizo, kinga ni kidole chako kukaa nje ya triga.

Utajua uko sawa: kinga inarudi mara kumi kati ya kumi, na hakuna skrubu inayocheza.

## Hatua ya 2: Andaa kompresa

Tazama mafuta kwenye kidirisha chake. Yafike kwenye alama ya katikati. Fungua koki ya chini ya mtungi umwage maji, kisha uifunge. Hapa karibu na ziwa hewa ina unyevu mwingi, na maji hutoka ya rangi ya chai ya rangi. Yale ni kutu. Yakibaki, yanakula mtungi kutoka ndani na mengine yanaingia kwenye bunduki.

Legeza regulata, kile kitasa cha kurekebisha presha inayoingia kwenye mpira, hadi mwisho kabla ya kuwasha, ili hewa isiukimbilie mpira kwa nguvu zote. Washa. Iache ijae mpaka ijizime yenyewe, ambayo kwa kompresa nyingi ndogo ni karibu bar 8, yaani kama psi 115.

Sasa vuta pete ya valvu ya usalama kidogo. Lazima ipige mluzi wa hewa kisha ifunge. Valvu hiyo ndiyo inayoukoa mtungi swichi ya kujizima ikikwama. Kama inavuja, nunua nyingine ya kiwango kile kile. Kuna anayeitoa na kuziba tundu kwa bolti kwa sababu "inapoteza hewa." Huyo ameugeuza mtungi kuwa bomu na kuuweka karibu na miguu yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mitungi ya hewa ikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Ukinunua mtungi wa mtumba, anzia hapo kabla ya kitu kingine.

Jambo la umeme: usiiweke kompresa mwisho wa waya mrefu mwembamba wa kuongezea stima. Mota inakosa nguvu wakati wa kuanza, inanguruma bila kuzunguka, na hatimaye inaungua. Kompresa ikae karibu na soketi, na urefu uutafute kwenye mpira wa hewa.

Stima ikipotea usikimbilie mtungi wa oksijeni wa jirani anayechomelea. Oksijeni ikikutana na mafuta yaliyo ndani ya bunduki huwaka na kulipuka, na mtungi wake ukiwa umejaa una kama bar 150, wakati bunduki yako imetengenezwa kwa bar 7 au 8. Gesi ya kupikia ni hivyo hivyo. Hewa ya kompresa tu.

## Hatua ya 3: Unganisha mpira

Dondosha matone mawili au matatu ya mafuta ya vifaa vya hewa kwenye tundu la kuingizia hewa. Si mafuta ya injini, si ya kulegeza kutu: hayo yanavimbisha na kulainisha mipira ya ndani, na baada ya wiki chache bunduki inaanza kuvuja kwenye triga.

Kisha shika bunduki ikiwa imeelekezwa kwenye mbao iliyolala chini, kidole nje ya triga, ndipo usukume kiunganishi.

Sababu ya dume kukaa kwenye bunduki ni hii. Dume halina valvu. Ukichomoa mpira, hewa yote iliyobaki ndani ya bunduki hutoka papo hapo, "pshh," na bunduki inakuwa chuma kitupu. Jike lina valvu inayojifunga. Ukilifunga kwenye bunduki, unachomoa mpira ukidhani umemaliza, kumbe hewa ya kupiga msumari mmoja imefungiwa ndani. Nikipewa bunduki ngeni, hilo ndilo ninalotazama kwanza, hata kabla ya kuuliza bei.

Zungushia nyuzi za kiunganishi utepe mweupe wa mafundi wa bomba, ukaze, usikilize. Mvujo mdogo unaifanya kompresa iwake kila mara bila kazi.

Utajua uko sawa: hakuna mluzi popote, na ukichomoa mpira unasikia hewa ikitoka kwenye bunduki.

## Hatua ya 4: Ijue triga yako

Hatua hii haimo vichwani mwa wengi, na ndiyo inayotenganisha bunduki za aina mbili zinazofanana kwa macho.

Weka presha chini, kama psi 60. Reli iwe tupu. Bunduki kubwa zingine hukataa kupiga zikiwa tupu. Hizo weka misumari miwili mitatu. Lenga kipande kinene cha mbao kilicho sakafuni, mbali na mguu. Kisha fanya majaribio haya kwa mfuatano:

1. Kandamiza mdomo kwenye mbao bila kugusa triga. Haipaswi kupiga.
2. Inua mdomo, uvute triga ukiwa umelenga mbao ile ile. Haipaswi kupiga.
3. Ukiendelea kushikilia triga hivyo hivyo, gusisha mdomo kwenye mbao.

Ikipiga katika jaribio la 1, ipeleke kwa fundi wa bunduki. Ikipiga katika la 2, ipeleke vile vile, au ukubali ni ya aina isiyo na kinga kama zile stepla. Jaribio la 3 ndilo linaloeleza tabia. Ikikaa kimya, una triga ya mfuatano: mdomo kwanza, triga baadaye, msumari mmoja mmoja. Ikipiga, una triga ya kugusa: ukishikilia triga, kila kitu kitakachogusa mdomo kitapigwa msumari. Mbao, paja, bega la mwenzako.

Triga ya kugusa ina haraka yake na wapiga paleti wanaipenda. Lakini inapiga mara mbili kirahisi: bunduki inaruka kwa nguvu ya pigo, inarudi chini, mdomo unagusa tena, na msumari wa pili unatoka bila kuitwa, mara nyingi juu ya kichwa cha wa kwanza, kisha unarukia pembeni. Uchunguzi uliofanywa Marekani kwa mafundi wa ujenzi ulionyesha kuwa triga ya kugusa ina hatari ya majeraha karibu mara mbili ya ile ya mfuatano. Bunduki yako ikiwa na swichi ya kuchagua, weka mfuatano. Ikiwa haina, zoea kuachia triga baada ya kila msumari, na usiikandamize kama unayepiga muhuri. Iguse, ipige, iache iruke yenyewe.

## Hatua ya 5: Chagua msumari, uupakie

Hesabu kabla ya kupakia. Ukipiga plaiwudi ya mm 6 juu ya fremu ya mm 25, jumla ni mm 31. Msumari wa mm 25 unapita plaiwudi na kuzama mm 19 kwenye fremu. Vizuri. Msumari wa mm 30 unabakiza mm 1 tu, na ukipigwa kwa kina unatokea upande wa pili, ambapo huenda ndipo ulipoweka mkono.

Kwa kazi nyingi, msumari uwe angalau mara mbili hadi tatu ya unene wa kile kipande chembamba.

Chomoa mpira, kisha fungua reli. Ndiyo, chomoa hata kama ni kupakia tu. Ncha kali zielekee kule msumari unakotokea, vichwa vikae kwenye mfereji wake. Usichanganye urefu mbili kwenye reli moja, na vipande vilivyovunjikavunjika usivipange kama ushanga. Hapo ndipo kukwama kunapozaliwa.

## Hatua ya 6: Tafuta presha kwenye kipande cha majaribio

Hili ndilo jibu la swali la kwanza.

Anza psi 60. Piga misumari mitano kwenye kipande cha mbao ile ile. Tazama vichwa. Vikisimama juu vyote vitano, ongeza psi 5, upige tena mitano. Endelea hivyo mpaka kichwa kizame kama mm 1 chini ya uso wa mbao, nafasi ya kujazia tu. Usipite namba iliyochapishwa kwenye mwili wa bunduki, hata mbao ikikataa.

Tofauti ya kushika ni hii: misumari yote ikisimama nusu, presha ni ndogo. Mmoja mmoja ukisimama nusu, presha haina kosa. Tafuta kwingine. Labda mkono wako unainuka kabla ya pigo kuisha. Labda unapiga haraka kuliko kompresa inavyojaza; tazama geji ikishuka, ngoja. Labda mbao ina fundo. Labda bunduki imekauka mafuta.

Anayeongeza presha kwa sababu ya msumari mmoja wa kwenye fundo, ile mingine tisa anaizamisha hadi ipasue plaiwudi, na bunduki inaruka zaidi mkononi. Baada ya mwezi analeta bunduki iliyopasuka mpira wa ndani akisema ni ya bei rahisi.

Mbao hazifanani. Saiprasi na paini hupokea msumari wa F bila maneno. Mkaratusi uliokauka na mvule wa zamani hupinda msumari mwembamba kama uzi. Kwa hizo toboa kwanza, tumia skrubu au kiungo cha ulimi na gundi, na bunduki iwe ya kushikilia tu wakati gundi inakauka.

## Hatua ya 7: Mkono wa pili

Nina kovu jeupe kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Nilikuwa napiga ubao wa mkaratusi wa inchi moja kwenye mkono wa sofa, msumari wa mm 30, kidole nimekiweka ubavuni mwa ubao, karibu na pale ninapopiga, ili usiteleze. Ndani kulikuwa na fundo dogo ambalo kwa nje lilionekana kama doa la chai. Msumari uligusa fundo, ukapinda kama ndoana, ukatokea ubavuni. Uchungu haukuja mara ile. Nilitaka kuinua mkono nichukue gundi, nikaona ubao unainuka nao.

Msumari haufuati macho yako, unafuata nyuzi za mbao. Ukigusa fundo au nyuzi zilizokaza, unageuka uelekee penye ulaini, na penye ulaini mara nyingi ni ubavuni. Hilo ndilo jibu la swali la pili.

Kwa hiyo:

Mkono usioshika bunduki ukae angalau futi moja, yaani sentimita 30, kutoka msumari unapoingilia. Kipande kikiwa kifupi kuliko hapo, usikishike kabisa. Kibane kwa klampu. Klampu ikitobolewa haivuji damu.

Usiweke mkono nyuma ya mbao kwenye mstari wa msumari, wala paja chini yake. Kijana anayekaa chini na kuweka fremu ya stuli juu ya magoti ili apige, mwamshe.

Geuza bunduki ili msumari uingie kwa kukata nyuzi, na usikaribie ncha ya mbao zaidi ya sentimita 2. Ukiona fundo, sogea kando yake. Hakuna mteja aliyewahi kurudisha kabati kwa sababu msumari umesogea inchi moja.

Shikilia bunduki wima juu ya mbao. Ikiwa imelala, mdomo unaweza kukandamizwa upande mmoja tu, na msumari ukaruka juu ya uso wa mbao. Uso wako usiwe juu ya bunduki. Inaporuka, inarukia usoni.

Juu ya ngazi, kwa wale wa dari na fishabodi: panda bila bunduki iliyounganishwa, ukishatulia uunganishe. Mpira wa hewa una tabia ya kunasa kwenye mguu wa ngazi wakati umejinyoosha. Na kumpa mwenzako bunduki, iweke chini au mezani aichukue mwenyewe. Kidole huifuata triga bila kuuliza.

Utajua uko sawa: unapiga reli nzima, ukipapasa pande zote za mbao kwa kitambaa hakinasi popote.

## Hatua ya 8: Imekwama

Msumari umekwama mdomoni. Mteja amesimama, anataka kuondoka na meza yake kabla ya mvua ya saa kumi. Hapa ndipo vidole vinapotobolewa, na hapa ndipo lilipo jibu la swali la tatu.

Mwanafunzi wangu akiniambia, "Mzee, imekwama," namjibu neno moja kabla hata sijageuka: "Mpira." Anachomoa. Nasikia "pshh" kutoka pale nilipo. Nisipoisikia, simsogelei.

Baada ya hapo, na si kabla:

1. Vuta nyuma kisukumio cha misumari, utoe misumari yote iliyobaki kwenye reli.
2. Fungua kifuniko cha mdomo. Kingine kina komeo la kuinua, kingine kina skrubu mbili za funguo ya pembe sita.
3. Ng'oa msumari kwa koleo. Usiugonge kwa nyundo kurudi ndani. Unaharibu ulimi wa kupigia, kile chuma cha ndani kinachousukuma msumari, na ulimi ukishapindika kila msumari utakwama.
4. Sukuma ulimi urudi juu kwa bisibisi kama ulibaki chini.
5. Funga, pakia misumari mizima, kisha unganisha mpira ukiwa umelenga mbao ya majaribio. Piga mitatu.

Ikikwama tena mara mbili mfululizo, misumari ni ya saizi isiyo yake, au imeshika kutu, au ulimi umechakaa. Kurudia kuing'oa bila kutafuta sababu ni kujiongezea nafasi za kusahau mpira.

## Stima ikipotea katikati ya kazi

Nililiweka hili peke yake kwa sababu kwetu stima hupotea, na inapopotea watu hulegea.

Siku moja giza liliingia mchana, kompresa ikanyamaza, kijana wangu akaegemeza bunduki pajani akaanza kuchezea simu. Nikamwambia aitoe. "Mzee, si stima imeenda?" Nikaichukua, nikalenga kipande cha saiprasi, nikapiga. Ikapiga. Nikaendelea mpaka msumari wa ishirini na moja, wote umezama vizuri, ndipo nikachoka kuhesabu.

Hewa iko kwenye mtungi, haiko kwenye waya. Kompresa ikizima, bunduki bado ina roho. Na stima ikirudi wakati umeenda kunywa chai, kompresa inajiwasha yenyewe, mpira unajaa, na bunduki iliyoachwa benchi iko tayari kwa yeyote atakayeiokota, hata mtoto. Stima ikipotea: chomoa mpira, zima swichi ya kompresa, chomoa plagi ukutani.

## Hatua ya 9: Kufunga siku

Zima kompresa. Chomoa bunduki, toa misumari. Fungua koki ya chini umwage hewa na maji mpaka geji isome sifuri, uiache wazi usiku. Kunja mpira bila kuupinda kona kali.

Usijipangushe vumbi la nguo kwa hewa ya mpira, na usimfanyie mwenzako kwa mzaha. Hewa yenye presha hupenya kwenye kidonda kidogo au jicho, na vumbi la mbao nalo. Brashi ipo.

## Ukidungwa

Weka bunduki chini, mtu mwingine achomoe mpira. Msumari ukiwa umezama kwenye kidole, kiganja, goti au popote karibu na kiungo, usiung'oe. Misumari hii imeshikanishwa kwa gundi. Ukiuvuta unaacha vipande ndani, na ukiwa umepita karibu na mshipa unaufungulia damu. Ukiwa umeshikana na mbao, kata mbao kuzunguka kidole kwa msumeno wa mkono, uende hospitali na kile kipande. Ndivyo nilivyofanya mimi, nikiwa nyuma ya bodaboda na kipande cha mkaratusi mkononi kama mtu anayepeleka sampuli.

Ukiingia jichoni: usisugue, usioshe kwa nguvu, usikandamize. Funika kwa kitu chenye uvungu kama kikombe cha karatasi kisiguse jicho, uende mara moja.

Hata tundu dogo lisilotoa damu nyingi lionwe na daktari. Kwa nje linaonekana kama la sindano, ndani msumari unaweza kuwa umefika mfupani. Uliza chanjo ya pepopunda, na useme lini ulichanjwa mara ya mwisho. Kama umeajiriwa, mjulishe tajiri wako siku hiyo hiyo, kwa maandishi. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 inakuhusu hata kama karakana ni ya mabati.

Na ubebe msumari mmoja mzima kutoka kwenye pakiti ile ile. Daktari akiuona urefu wake kando ya picha ya eksirei, anajua kama kuna kipande kimebaki ndani.